Nyumba Iliyokuwa Tayari

Tarehe kumi na nne mwezi wa Agosti, mwaka wa 1957, tulipoteza chumba kimoja cha mabati na kaburi moja. Chumba kilivutwa na trekta kikaanguka kabla jua halijapanda. Kaburi halikuguswa na mtu. Lilibaki pale pale nyuma ya kibanda cha kufulia, lakini tangu siku ile sikuruhusiwa kulifikia, na kwangu mimi hilo ni kulipoteza.

Naeleza kwa sababu watoto wangu waliozaliwa baadaye wamewahi kuambiwa na watu kwamba baba yao alifukuzwa Kabazi kwa wizi. Hakuiba kitu. Alifukuzwa kwa sababu alipasha maji moto akatandika vitanda, na alipoulizwa na mtu wa serikali kama ni yeye aliyefanya hivyo, akasema ndiyo.

Shamba la Kabazi, upande wa Nakuru, lilikuwa la kahawa upande wa chini na pareto upande wa juu. Mume wangu alikuwa mpishi wa nyumba kubwa, na mimi nilikuwa dobi. Tulitoka upande wa Kakamega tukiwa vijana tuliooana juzi, tukaja kutafuta kazi kwa Wazungu, na hatukuwa na shamba la kurudia kwa sababu kipande cha baba mkwe kiligawanywa kwa wakubwa kikaisha kabla ya kumfikia mume wangu. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne kwenye misheni. Kusoma Biblia naweza, na kuandika hivi naweza. Zaidi ya hapo sijui.

Binti yetu wa kwanza alikufa huko Kabazi mwezi wa Julai, wakati ukungu unapokaa mpaka saa sita mchana. Kichomi kilimshika kifuani, na kabla lori la shamba halijapatikana la kumpeleka hospitali Nakuru akawa amenyamaza. Alikuwa ameanza kusema vizuri. Kwetu mtoto hazikwi kwenye udongo wa mtu mwingine, lakini ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na kumpeleka nyumbani kulitaka pasi za kusafiri juu ya pasi, na maiti haingoji pasi. Memsahib, mke wa bwana mwenye shamba, ndiye aliyesema tumzike pale nyuma ya kibanda changu, karibu na mti wa plamu. Alikata tawi la waridi kwenye bustani yake, akapiga magoti na glavu zake, akalipanda yeye mwenyewe. Alilia. Siwezi kusema hakulia.

Kwa hiyo meza yangu ya kupigia pasi niliigeuza. Zamani ilitazama ukutani, nikaigeuza itazame dirishani. Nikiinua macho kutoka kwenye shati la bwana, namwona binti yangu. Nilifagia pale kila asubuhi na kukata nyasi zikikua. Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yangu, na ni hiyo tu niliyokuwa nayo.

Bwana hakuwa mtu wa kupiga watu. Mashamba mengine yalikuwa na viboko, letu halikuwa navyo, na hilo pia nitalisema. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kodi ya mapato. Mume wangu alikuwa anaelewa Kiingereza cha mezani, akawa anarudi jikoni na bakuli la supu anamwigiza, anatunisha mashavu na kugonga kifua.

"Jasho langu! Jasho langu lote linaliwa na serikali!"

"Jasho lake?" namuuliza. "Amelima wapi?"

"Ananyanyua uma, mama. Kazi si ndogo."

Tulicheka, lakini lilikuwa jambo la kuudhi. Miaka ile askari walipiga kambi kwenye shamba la chini la bwana yule yule. Walikunywa maziwa ya ng'ombe wake na kulala kwenye ghala lake, bunduki zao zikilinda mlango wake usiku na mchana. Walilipwa na nini kama si kodi? Na barabara ya kupelekea kahawa Nakuru ilichongwa na nini? Mume wangu hakuwa na askari wa kumlinda, lakini kila mwaka alipanga foleni na kulipa kodi ya kichwa, kichwa cha mpishi kikiwa bei moja na kichwa cha mtu asiye na kazi. Risiti aliikunja akaitembeza mfukoni kama dawa, kwa sababu bila risiti hufiki Subukia bila kutupwa nyuma ya lori. Mezani hatukuwahi kusikia mtu akigonga kifua kwa ajili ya hiyo.

Ukaja mwaka kahawa ikapata bei nzuri sana. Wakili akaja kutoka Nairobi, akala chakula cha mchana siku mbili mfululizo, na bwana akaanza kupiga mluzi akiwa anaoga. Tukajua kuna jambo. Karani wa shamba ndiye aliyetuambia, Jumamosi, tulipokwenda stoo kuchukua unga wa wiki. Karani alikuwa mtu wetu, wa upande wa kwetu, mwenye mdomo mrefu na roho nzuri. Mume wangu alimwita Bwana Kalamu, na yeye alimwita mume wangu Bwana Sufuria.

"Bwana anahama," akasema huku anapima unga.

"Ameuza shamba?" mume wangu akauliza kwa hofu.

"Shamba linabaki. Anahama yeye. Anakwenda kuishi kwenye kisiwa kimoja karibu na Ufaransa, na huko kodi ni kama kutema mate tu. Ameanzisha kampuni huko huko, hiyo ndiyo itakuwa na shamba na ndiyo itauza kahawa. Yeye hapa atakuwa anakuja kututembelea kama mgeni."

"Huo si wizi?" nikauliza.

"Shemeji, ungekuwa wizi ningenong'ona. Hii ni sheria. Anayeishi nje hatozwi kama anayeishi hapa. Wakili ameisoma mbele na nyuma."

Mume wangu akafunga mfuko wake wa unga. "Basi na mimi nihamie kisiwani nikaipumzishe kodi yangu ya kichwa."

"Wewe? Wewe ukifika Molo bila pasi unawekwa ndani. Kisiwa chako ni jiko, Bwana Sufuria. Kaa hapo hapo uchemshe maji."

Walioko kwenye foleni wakacheka sana. Hata mimi nilicheka.

Sasa nieleze desturi moja ya mashamba yale, maana ndiyo iliyotuponza. Shamba lilikuwa la bwana na nyumba ilikuwa ya memsahib. Bwana akisema jambo la ng'ombe, limesemwa. Lakini mambo ya shuka, sakafu, moto na vyombo yalitoka kinywani mwa memsahib peke yake, na mpishi aliyepokea amri ya nyumba kutoka kwa bwana alionekana hajui kazi. Tena ilikuwa desturi kwamba wenyewe wakisafiri, nyumba haiachwi ilale. Sakafu inapigwa nta, vitanda vinatandikwa, kila sehemu ya moto inapangwa kuni, na pipa la maji nyuma ya jiko linawashiwa moto. Wazungu walikuwa na mchezo wa kurudi ghafla ili waone. Pengine memsahib alimtuma jirani yake apite na kidole juu ya kabati akitafuta vumbi. Mpishi mzuri alijulikana kwa jambo hilo: siku yoyote, saa yoyote, mwenyewe akishuka kwenye gari anakuta maji ya moto.

Siku ya kuondoka, memsahib aliingia jikoni amevaa kofia ya safari. Akamshika mume wangu mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hapa unyevu mwingi," akasema. "Usiache nyumba yangu ikafa. Ikae kama tunarudi leo."

"Ndiyo, memsahib."

"Na waridi la mtoto, mama atalitazama."

"Analitazama kila siku, memsahib."

Jioni ile ile karani alikuja kibandani. "Bwana ameacha neno. Nyumba iachwe baridi. Vitanda vitolewe vipelekwe ghalani."

Mume wangu akamtazama kama mtu aliyesikia kwamba ng'ombe wakamuliwe na fundi cherehani. "Bwana na vitanda wapi na wapi? Vitanda viende ghalani vikaliwe na panya, kisha memsahib akirudi anilaumu nani? Memsahib ameniagiza mimi, kwa mdomo wake, akinishika mkono."

"Mimi nimesema nilivyoambiwa."

"Kwa nini vitolewe?"

"Sikuambiwa kwa nini."

"Basi kapime unga, Bwana Kalamu. Nyumba niachie mimi."

Karani akacheka akaenda zake. Yeye pia aliijua desturi. Nimefikiri sana juu ya maongezi yale mafupi, na kinachonichoma mpaka leo ni hiki: bwana alikuwa na muda wa kukaa na wakili siku mbili, lakini hakuwa na muda wa kumwambia mpishi wake maneno matatu. Hakuona kama sisi ni watu wa kuelezwa. Maisha yake yote mapya kule kisiwani aliyategemeza juu ya kitanda, na mwenye kukitandika kitanda hicho hakuambiwa.

Basi tukaiweka nyumba tayari. Miezi ikapita. Kila Ijumaa nilitoa shuka ambazo hazikulaliwa na mtu, nikazifua, nikazipiga pasi, nikazirudisha. Mume wangu aliwasha moto wa kuni za miwati katika vyumba vyote kufukuza unyevu, akafungua piano ipate hewa, akaweka maua kwenye chombo cha mezani. Hakukuwa na mtu wa kuyatazama. Nilimwambia kwamba tunahudumia mashetani.

"Tunamhudumia aliyemlilia mtoto wetu," akanijibu. Sikumtania tena.

Halafu akaja yule mtu.

Alikuwa Mzungu kijana, na alikuja na gari dogo la kijivu, amevaa kaptura na soksi ndefu. Alikuwa ametoka Nakuru, ofisi ya kodi, lakini hakusema anatoka wapi, na sisi hatukuwa watu wa kumuuliza Mzungu anatoka wapi. Mume wangu akamwona tu akashusha mikono ya shati. Alijua kabisa: memsahib amemtuma mtu aje kupitisha kidole juu ya kabati.

"Bwana iko?" yule kijana akauliza kwa Kiswahili chao cha shamba.

"Bwana na memsahib wako ng'ambo, bwana."

"Narudi lini?"

"Hata leo, bwana. Wakitaka kurudi leo, kila kitu tayari. Karibu, karibu uone."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na rundo la shuka mikononi, kwa hiyo niliyaona yote. Mume wangu alimtembeza chumba kwa chumba kama bwana arusi anayeonyesha nyumba mpya. Akamfunulia kitanda cha bwana, shuka nyeupe zimekunjwa pembeni vizuri. Kijana akaweka kiganja juu ya godoro.

"Nani nalala hapa?"

"Hakuna mtu, bwana. Kinamngoja mwenyewe."

Wakaingia bafuni. Kijana akafungua bomba, maji yakatoka na mvuke, akaunguza kidole na kukitikisa. Akacheka. Mume wangu naye akacheka kwa furaha, maana hakuna sifa ya mpishi inayoshinda mgeni kuungua kwa maji ya nyumba isiyo na mtu. Akamkalisha barazani, akamletea chai kwenye vikombe vya maua na skonzi alizopika saa ile ile.

"Memsahib nasema wewe fanya hii yote?"

"Ndiyo, bwana. Alisema nyumba ikae kama wanarudi leo."

Kijana akanigeukia mimi. "Na wewe, mama? Hii shuka nafua siku gani?"

"Kila Ijumaa, bwana."

Akazunguka nyuma, akapita kibandani kwangu, akaona waridi. Akauliza ni la nani. Nikamwambia kuna mtoto wangu hapo. Akavua kofia akasimama kidogo, kisha akaenda zake. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi aliyotumwa, na hakutudanganya neno lolote. Alipoondoka alimwambia mume wangu, "Wewe mpishi mzuri kabisa," na mume wangu akalirudia neno hilo mpaka nikamwambia basi.

Baada ya wiki chache karani alirudi kutoka Nakuru na lori la shamba, akaruka chini kabla halijasimama.

"Mlimpa nani chai?" akapiga kelele. "Bwana Sufuria, mlimpa nani chai?"

"Rafiki ya memsahib."

"Rafiki! Yule ni mtoza kodi! Umemwonyesha vitanda!"

"Nimemwonyesha kazi yangu."

Karani akakaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa, akajishika kichwa. Ndipo alipotueleza, kwa sababu ndiyo kwanza na yeye alikuwa ameelezwa mjini. Sheria haikutazama tu miguu ya mtu iko wapi, ilitazama pia nyumba. Mtu akisema haishi Kenya, lakini ana nyumba Kenya ambayo iko tayari kumlaza, na katika mwaka ule amewahi kukanyaga hapa, basi serikali inamhesabu anaishi hapa, na kodi anadaiwa kama zamani. Bwana alikuwa amekuja kuangalia kahawa siku chache mwezi wa pili. Alilala klabu Nakuru, nyumbani hakukanyaga, na sisi tulishangaa kwa nini. Sasa tulijua.

"Nilikuambia vitanda vitolewe," karani akasema.

"Uliniambia. Hukuniambia sababu."

"Na mimi sikuambiwa!"

Walitazamana wale wanaume wawili, na hakuna aliyeweza kumkasirikia mwenzake.

Bwana alikuja kwa ndege mpaka Nairobi, kisha kwa gari, peke yake. Mume wangu aliposikia gari mlimani aliweka nyama kwenye oveni. Hakujua kufanya jambo jingine. Bwana hakula. Alisimama barazani, akatuita sisi wawili pamoja na karani wa kutafsiri, kwa sababu siku ile hakutaka neno lolote lipotee.

Kwanza alisema hajavunja sheria. Alisema hivyo mara nyingi. Alisema kila alichofanya kimeandikwa na kinaruhusiwa, na mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Sisi tulikuwa hatujasema kitu.

Kisha akasema alichotaka, na karani akatafsiri akitazama sakafu.

"Bwana anasema Jumatatu mtakwenda Nakuru pamoja na wakili. Mtasema vitanda mlitandika kwa ajili yenu. Kwamba bwana alipoondoka nyinyi mlihamia ndani, mkalala humo. Maji ya moto mlioga nyinyi. Moto mliota nyinyi. Mtasema yule ofisa alipokuja mliogopa, ndiyo mkamwambia kila kitu ni cha bwana. Anasema hatawashtaki. Atawasamehe, na kazi mtabaki nayo, na chumba."

"Atatusamehe nini?" nikauliza.

"Shemeji, tulia kidogo." Karani akaelekeza kidevu upande wa mti wa plamu. "Fikiria na yule."

Mume wangu akauliza, "Memsahib anasemaje?"

Karani akatafsiri. Bwana akajibu kwa neno moja fupi. "Anasema memsahib hayumo katika jambo hili," karani akasema.

Hayumo! Neno lake ndilo lililokuwa mikononi mwetu miezi yote ile, katika kila kuni na kila shuka, halafu hayumo. Hakutuandikia wakati ule wala baadaye. Sijui kama aliambiwa. Nimejaribu kumtetea moyoni kwa sababu ya waridi, na kuna siku naweza, na kuna siku siwezi.

Tulipewa mpaka asubuhi. Jioni ile mume wangu alikaa kwenye ngazi ya kibanda changu.

"Wewe ndiye unayemwona ukipiga pasi," akasema. "Ukiniambia niseme tulilala mle, nitasema. Nitasimama mbele yao niseme mimi ni mwizi wa vitanda. Sitakulaumu."

Nilikwenda pale kwenye plamu nikang'oa majani. Sikuwa na mawazo makubwa. Niliwaza kwamba nikisema uongo ule nitabaki na kaburi, na kila asubuhi nitalifagia nikiwa mwanamke aliyesema kwa mdomo wake kwamba alilala kitandani mwa mwenye nyumba. Na watu wote wa laini, kwenye vyumba vya wafanyakazi, watajua. Na mtoto tutakayemzaa atajua. Bwana hakuvunja sheria, sawa. Alitaka tuwe wezi sisi ili yeye abaki mtu wa sheria. Tena alitaka tumshukuru kwa kutusamehe. Hasira ilinishika mpaka nikang'oa mchicha wangu badala ya majani.

Asubuhi nilijibu mimi, kwa sababu mume wangu alikuwa ameniachia mimi neno.

"Mwambie hatukulala mle," nikamwambia karani. "Hata siku moja. Hata kukaa kwenye kiti hatukukaa."

Karani akatafsiri polepole. Bwana akanitazama, nadhani ndiyo mara ya kwanza. Akasema tuondoke ndani ya wiki moja, turudi kwetu.

Turudi kwetu! Yeye alikuwa na nyumba ya vyumba tisa pale Kabazi na sheria ilimsaidia kusema haishi pale. Sisi tulikuwa tumezaa pale, tumezika pale, tumefanya kazi pale miaka yote ya ujana wetu, na sheria hiyo hiyo ilisema hatuishi pale, tunafanya kazi tu, na kazi ikiisha tunatakiwa kwenda mahali ambapo hatukuwa hata na pa kuweka chungu. Nilikuwa nafunga vyombo huku nikilisema jambo hili kwa sauti, na mume wangu akawa ananiambia, "Wanasikia," na mimi nikazidi.

Tarehe kumi na nne trekta lilikuja. Lilifungwa mnyororo kwenye nguzo ya chumba chetu, likavuta mara moja. Baadaye likazunguka mbele, likaenda nyumba kubwa, na tukiwa tumekaa juu ya mizigo yetu kungoja lori tuliona walivyoivua nyumba ile. Vitanda vilitoka kwanza, kupelekwa mnadani Nakuru. Kisha jiko la chuma lenyewe, wanaume wengi wakilisukuma juu ya magogo. Bafu likafuata, kisha milango, na mwisho pipa la maji. Mume wangu alipoliona pipa aligeuza uso. Piano ilibaki barazani bila mwenyewe, kifuniko wazi, na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Subukia.

Bwana alikuwa anaingia kwenye gari lake. Nikamfuata, na karani nyuma yangu.

"Mwombe niruhusiwe kuja kufagia kaburi," nikasema. "Mara moja kwa mwezi tu. Nitakuja kwa miguu. Sitagusa kahawa yake."

Karani akaongea. Bwana akajibu akiwa ameshika mlango.

"Anasema hawezi kukuruhusu. Shamba si lake tena. Ni la kampuni, na ombi kama hilo lipelekwe kwa kampuni."

"Kampuni iko wapi?"

"Kisiwani."

"Na huko kampuni ni nani?"

Karani hakutafsiri hilo. Alingoja gari liondoke, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni yeye."

Tulihamia Nakuru. Hakuna nyumba ya Mzungu iliyomchukua mume wangu, kwa sababu bwana alikuwa ameandika kwamba mpishi huyu haaminiki. Mtu ambaye aliponzwa na kuaminika! Alipika chai na mandazi kwenye hoteli ya mtu karibu na stesheni ya reli mpaka tumbo lilipomuua, miaka mingi baadaye, na amelala kwenye makaburi ya mji, mbali na binti yake. Ya bwana yalikwisha vizuri. Karani alituambia kwamba alidaiwa kodi ya mwaka ule mmoja tu, na tangu hapo, kwa kuwa nyumba ilikuwa haina hata mlango, serikali haikumgusa tena. Kisheria kabisa.

Nilirudi Kabazi mara moja tu. Ilikuwa Desemba ya mwaka ule ule tuliofukuzwa, mvua fupi zilikuwa zimepita na nilijua nyasi zimepanda. Nilibeba panga langu ndani ya kikapu. Shamba lilikuwa limezungushwa seng'enge mpya, na langoni palikuwa na askari nisiyemjua, aliyesema wafanyakazi wa zamani hawaingii. Nikazunguka kwa barabara ya juu mpaka mahali ambapo mti wa plamu unaonekana. Waridi sikuliona. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani mwa mtu.

Karani aliniona kutoka ofisini akapanda mpaka kwenye waya.

"Shemeji, siwezi kukuingiza. Nina watoto watano."

"Najua. Sikuja kukuomba hilo."

Nikampitishia panga juu ya seng'enge. Akavua koti lake la ofisi, akalitundika kwenye nguzo, akashuka. Nilisimama upande wa barabarani nikisikiliza akikata. Hakuwa fundi wa kukata nyasi, alikuwa akisimama kila mara. Alipomaliza alipanda tena, suruali imelowa mpaka magotini.

"Waridi lipo," akasema. "Limeinama tu."

Akanirudishia panga. Lilikuwa limeshikwa na majani mabichi. Nikalifuta kwa leso yangu, nikaliweka kikapuni, nikashuka barabarani kungoja lori la maziwa.